Mume Wangu Amepatikana Kwenye Seva Tu

Mama Célestine mpendwa, nisaidie, na naomba unijibu katika gazeti la Alhamisi hii, si la Alhamisi ijayo, kwa sababu Ijumaa baada ya sala mama mukwe wangu anakwenda kambini Katanika kumchukua mtoto wake, na mtoto wake hayuko kule, na aliyeandika kwamba yuko kule ni mimi.

Mimi ni mtu wa hesabu, basi nifuate mpango. Nina miaka thelathini na mbili, nina biro, ofisi ndogo ya kuchapa na fotokopi, hapa mjini, kompyuta hakuna aliyenifundisha, nilijifunza kwa vitabu vya Kifaransa visivyo na mwisho na kwa kukosea. Tangu watu waanze kukimbilia Kalemie kutoka upande wa Nyunzu na Manono, kila asubuhi nilikuwa nakuta watu mbele ya mlango wangu na majina kwenye vipande vya karatasi, wanataka niyachape wakayabandike ukutani, mama anatafuta watoto, mtoto anatafuta mama, mpaka kuta zikajaa na karatasi ya juu ikaficha ya chini, nikasema hapana, hii kazi inataka tovuti, mtu aliye Kabalo au Kigoma aandike jina la ndugu yake aone ameandikwa kambi gani. Watu wa misaada, wale wa magari meupe, walikuja kuitazama kwenye kompyuta yangu, wakapiga picha, wakasema très bien, vizuri sana, mama, na hawakurudi. Niliijenga peke yangu miezi mitano kwenye mashine ambayo betri yake inakaa dakika arobaini umeme ukikatika. Kambini nilikwenda mwenyewe na daftari, Jumanne na Jumamosi. Walioandikwa kambini ni 1,311. Wanaotafutwa na ndugu zao ni 904. Familia zilizokwisha kukutana ni 63. Hizo namba hakuna aliyenipa, nilizitembelea kwa miguu.

Mume wangu anaitwa Twahiri. Alitoka hapa tarehe 24 Novemba mwaka jana kwa treni mpaka Kabalo, na kutoka Kabalo achukue pikipiki kwenda Manono kufunga paneli za jua kwenye dispensari moja. Alinipigia simu kutoka Kabalo, akaniuliza kama nimekula. Leo ni siku ya 291.

Familia yake ikasema sasa inatosha. Kaka yake mkubwa Abdoul-Karim, anayefanya biashara Kigoma, akapanga khitma isomwe tarehe 9 Septemba kwa mama yao kule Kabimba, halafu mimi niingie eda, miezi minne na siku kumi. Nikamwambia hakuna maiti, hakuna kaburi, hakuna shahidi, mnamsomea nani? Akanijibu kwenye simu, taratibu kabisa, kama mtu anayefunga duka: "Shemeji, unamusumbua muntu aliyelala." Neno hilo sijalisamehe.

Sasa sikia kosa langu. Ukijenga kitu kama hiki lazima utie majina ya uongo kwanza, uone kama mashine inatafuta vizuri. Nilitia kumi na mawili. Kumi na moja yalikuwa Jaribio Moja, Jaribio Mbili, hivyo hivyo. La kumi na mbili niliandika Twahiri, na jina la baba yake, na umri wake, nikachagua kambi ya Katanika, blok ya 4, nikabonyeza, na mashine ikanijibu: Amepatikana. Yuko Katanika. Ni mzima. Mama Célestine, sentensi hiyo niliitunga mimi mwenyewe kwa ajili ya watu wote, nilijua kila herufi yake, na iliponijibu nilishika meza. Tangu siku hiyo, kila asubuhi nikifungua biro, kabla mteja hajaingia, na siku nyingine tena jioni nikifunga, nilikuwa natafuta jina hilo kabla ya mengine, najiambia napima kama utafutaji unafanya kazi. Mashine inaweka daftari la kila swali inaloulizwa. Nimehesabu. Mara 217.

Mwanzo wa Septemba nikasema tovuti iko tayari, ihame kutoka mezani kwangu, iende kwenye seva ambapo dunia nzima itaiona. Seva iko kwa fundi anaitwa Hippolyte, yuko Lubumbashi, hatujaonana, tunasemezana kwa simu, na ananichukua kama mtoto. Siku ya kwanza ukurasa ulitoka mweupe, hauna hata neno. Nikampigia, nikamwambia kwangu inatembea. Akasema, "Basi tuwatume watu wote kwako, mama." Ikaonekana lugha ya programu kwenye seva yake ni ya zamani kuliko yangu, nikarekebisha mistari kumi na minne. Siku ya pili ikakataa kufungua ghala la majina, nikabadilisha neno la siri mara sita bila faida, mpaka Hippolyte akacheka, akaniambia programu yangu bado inatafuta ghala hapa hapa nyumbani, na kwenye seva "hapa nyumbani" si mezani kwangu tena, ni nyumba nyingine, haina kitu. Nikaipa anwani sahihi. Ikafunguka, lakini majina sifuri. Miezi mitano, na sifuri.

Nikachukua ghala langu zima kama lilivyo, nikalituma. Mtandao ulikatika mara tatu, mara ya nne likapita. Ili nihakikishe, nikafungua tovuti kwenye simu yangu, nikatafuta jina moja tu. Unajua jina gani. Likatoka. Amepatikana. Ni mzima. Hapo njo ningepaswa kushituka, Mama Célestine, maana kumwona pale kulikuwa njo ushahidi kwamba nimetuma majina ya kujaribu pamoja na majina ya watu. Sikushituka. Nilifurahi kwamba inatembea.

Hiyo ilikuwa Jumatatu iliyopita. Jumatano Abdoul-Karim alikuwa ameona, huko Kigoma, na amempigia mama yake. Khitma wakaivunja. Ijumaa mama mukwe alishuka hapa bandarini na shati la Twahiri limepigwa pasi, limefungwa ndani ya kitenge. Ni siku ya tatu yuko nyumbani kwangu. Anatwanga majani ya sombe, anampakulia na Twahiri, anafunika sahani. Nilimwambia kambini wanahesabu watu, hawaingizi wageni mpaka Ijumaa. Akasema, "Basi wamuhesabu mbio." Jana akaniangalia sana, akaniambia, "Wewe uko na mashine inajua mutoto wangu yuko wapi, na hauende kumuchukua?" Nikatoka nje kwenda kuchota maji, na maji yalikuwepo.

Majina kumi na moja ya kujaribu nimekwisha kuyafuta. Limebaki moja. Hippolyte ameniuliza mara mbili kwa nini walioandikwa kwenye ghala ni 1,312, na mimi namwambia 1,311. Kidole changu kinafika kwenye kufuta, kinarudi. Nikifuta, nimemwondoa mara ya pili, na safari hii kwa mkono wangu. Nikisema ukweli, Abdoul-Karim atasema nilifanya makusudi ili niivunje khitma, na kinachoniogopesha ni kwamba sijui kama atakuwa amekosea, labda mkono wangu ulijua. Nikinyamaza, Ijumaa inafika. Badilisha majina yetu, tafadhali. Niambie nifanye nini.

Mwenye biro, Kalemie

*

Mwenye biro,

Majina nimeyabadilisha kama ulivyoomba, lakini mji huu una tovuti ngapi? Basi usiingoje Ijumaa. Ukishika gazeti hili Alhamisi asubuhi, funga biro, rudi nyumbani, ukaseme na mama mukwe wako kabla jirani hajamsomea.

Pole, mwanangu. Nasema pole mara moja tu, nikimaanisha, kisha nikugombeze.

Unaniuliza kama mkono wako ulifanya makusudi. Mimi sijui, wewe hujui, Abdoul-Karim naye hajui hata akiapa. Mkono haujibu maswali. Lakini siku hizi tatu si za mkono, ni za mdomo, na mdomo unajua ulichosema. Umemwacha mama mzima ampakulie chakula mtu ambaye hayupo, ukamtungia hesabu ya kambi ambayo haifanyiki. Hilo njo kosa lako. Lile la seva ni ajali ya mwanamke aliyechoka kungoja, na ajali husamehewa ikisemwa mapema.

Kompyuta mimi naijua kwa kuandika barua. Lakini orodha naijua. Miaka kumi na tisa niliandika mizigo kwenye gare yetu ya treni, na nilifanya kazi na mwenzangu mmoja ambaye, mwenye mzigo akimlilia dirishani, aliandika "umefika" ili yule mtu atulie aende zake. Alionekana mwema kuliko sisi wote. Baada ya miezi miwili hakuna aliyeamini daftari lake, hata kwa mizigo iliyofika kweli, watu wakawa wanaingia wenyewe ghalani kupekua. Wewe una majina 1,311 ya kweli na moja la uongo. Mama aliyekimbia Nyunzu akisoma kwako "ni mzima," atajuaje kwamba hasomi hamu ya mtu mwingine? Kwa ajili yake jina hilo linatoka, leo, na unalitoa wewe, si Hippolyte.

Kabla hujalitoa, fungua daftari la maswali la seva uone kama wapo wengine waliolitafuta, na kila aliyeacha simu umpigie umweleze. Tangu sasa majina ya kujaribu yapate ghala lao, yasilale nyumba moja na majina ya watu, na kitu kisiende kwenye seva kabla hujahesabu kilichomo. Hippolyte mwambie tu, "ni jina la mume wangu." Hatacheka tena. Kwenye mashine yako ya mezani, ambayo hakuna anayeiona ila wewe, ukiliacha jina hilo mimi sitakuja kukukagua.

Khitma na eda si kazi ya gazeti. Nendeni kwa shehe, wewe na mama yake pamoja, mmuulize mke wa mtu aliyepotea anangoja muda gani na kwa sheria gani, maana wapo waliolisoma jambo hilo tangu zamani na mlango wao uko wazi. Ulikuwa na haki ya kuuliza maiti iko wapi. Kuuliza uliuliza vizuri. Ila usimjibu shemeji yako kwa tovuti.

Sasa kuna jambo lililonifanya nisome barua yako mara tatu. Umeniandikia tarehe aliyotoka, treni, pikipiki, na alichokuuliza kwenye simu. Umeniandikia kwamba wanaotafutwa ni 904. Hukuniandikia popote kwamba Twahiri ni mmoja wao. Nikamwomba mwenzangu hapa gazetini afungue tovuti yako aangalie upande huo. Hayumo. Kati ya waliopatikana umemtia, kati ya wanaotafutwa hujamtia, siku 291, wewe unayewaandikia wengine watu wao. Umekaa ukimwulizia kwa mashine mara 217, na hakuna mtu mwingine uliyemwuliza. Dereva wa pikipiki wa Kabalo, muuguzi wa Manono, mtu yeyote aliyemwona akipita, angekuta jina gani kwako la kulijibu? Najua kwa nini hukuandika. Anayeandikwa pale amekwisha kukubaliwa kwamba hayupo nyumbani. Lakini hayupo nyumbani, mwanangu. Kuandika hivyo si kumzika. Wale 904 hawakuzikwa na ndugu zao, wameitwa.

Kwa hiyo ukisha kumwambia mama ukweli, na akisha kulia au kukutukana, yote ni haki yake na usijitetee, mpeleke biro. Yeye umkalishe upande wako wa meza, wewe ukae upande wa wateja. Kama hajui kuandika, vitufe utabonyeza wewe, lakini maswali aulize yeye, yale yale unayowauliza watu kila siku: jina, umri, alama mwilini, alivaa nini, nani aliyemwona wa mwisho, na alisema naye nini. Ujibu yote, polepole, kwa sauti. Usiandike kwamba ni mzima, wala usiandike kinyume chake. Namba yake ni 905. Chini yake weka simu yako na simu ya mama yake, zote mbili, na msizizime.

Mama Célestine