Nimepewa Kapu la Wazee na Mimi Nililima

Mshauri wangu wa gazetini, kama umenizidi umri shikamoo, kama hujanizidi nasubiri ya kwangu, mimi sikusoma, anayeniandikia ni fundi cherehani wa hapa chini, nimemwambia aandike ninavyosema asinipambe, naomba unisaidie maana usingizi sipati kwa sababu ya kapu la nyanya.

Nyuma ya ghorofa letu palikuwa na kiwanja cha kutupia magodoro mabovu, harufu yake acha tu, basi vijana wa mtaani wakakisafisha wakasema wanalima bustani, watu wakacheka, hata fundi huyu alicheka, andika, usiruke hapo, ulicheka, mimi nikashuka na jembe langu nikawaambia nawasaidia kidogo tu, nikawa namwagilia alfajiri wao bado wamelala, nikapalilia, nikafunga miche ya nyanya kwenye vijiti kwa vitambaa vya shuka kuukuu, mgongo ukikataa naubembeleza, na yuko kijana tunamwita Tingatinga, anachimba huyo kama anafukuzwa, akawa ananiambia, "Bibi pumzika, tutakuja kukuzika hapa hapa kwenye bamia," namjibu, "Nizike, nitaota."

Na mshauri, kiangazi hiki imezaa! Nyanya zimeinamisha vijiti, bilinganya zinang'aa kama viatu vya bwana harusi, matango hatuna pa kuyaweka, na wale waliocheka sasa wanachungulia madirishani shingo zimewarefuka.

Jumamosi iliyopita wakaanza kugawa, waliolima wamepanga foleni juani, kila mtu na beseni lake, anaitwa, anapigiwa makofi, anajaziwa, na wazee wa mtaa wamewekewa viti kivulini wanaletewa makapu, mimi nimo kwenye foleni na beseni langu, mara Mwenyekiti wao, binti mdogo filimbi haimtoki mdomoni, akaja akanishika mkono taratibu kama anashika yai, "Jamani bibi, unateseka juani bure, kiti chako kile pale," nikajikuta nimekalishwa, nimepakatishwa kapu, na kapu lenyewe mshauri ni kubwa, beseni la Tingatinga halioni ndani, nikazitazama nyanya nilizozifunga kwa mikono yangu nikaona napewa kama msaada, nikaliweka kapu chini nikapanda ngazi sikusema neno.

Binti yangu ananisema, "Mama, wenzako wanalilia kikubwa, wewe unalilia kidogo? Unawaaibisha watoto wa watu." Jumamosi hii ndiyo mgao mkubwa wa kufunga msimu, sasa niende nikakae kwenye kiti nipokee nishukuru, au nisitoke ndani kabisa? Fundi anasema karatasi imeisha, mwongo huyo, naiona nyingine chini ya mkasi.

Ni mimi, bibi wa ghorofa ya tatu.

JIBU LA MSHAURI

Shikamoo bibi. Sijakuzidi.

Pole, na hukukosea kuumia. Kapu anapewa anayetunzwa, beseni anajaziwa aliyetoka jasho, na wewe jasho lilikutoka. Binti yako anapima ukubwa wa chombo. Wewe unadai makofi yako, na ni haki yako kabisa.

Lakini acha nikugombeze kidogo. Msimu mzima unawaambia "nawasaidia kidogo tu," leo unashangaa umewekwa pamoja na wazee wasiolima? Unamwagilia wakiwa wamelala, nani akuone? Na kubwa kuliko yote, umeacha kapu chini, ukapanda ngazi kimya. Unadhani wale vijana wameelewa nini? Ningekuwa mimi yule binti wa filimbi, hadi sasa ningekuwa najiuliza nyanya zetu zina kasoro gani hata bibi azisuse. Bustani yao ya kwanza hiyo, bibi! Wameigeuza jalala la magodoro kuwa shamba, halafu unawaachia fumbo.

Fundi akimaliza kukusomea hapa, na asiruke, shuka ukamtafute Mwenyekiti. Mwambie kwa mdomo wako: "Mjukuu wangu, kapu lilikuwa zuri na nyanya ni nzuri. Ila mimi ni mkulima wa bustani hii, nataka niitwe na wenzangu." Hapo ufunge mdomo. Usilie, usianze habari za mgongo. Atakuelewa. Mtoto aliyekuona juani akakimbilia kukutoa ana moyo, alichokosa ni kuambiwa tu.

Jumamosi usithubutu kubaki ndani. Shuka mapema na beseni lako, simama nyuma ya Tingatinga. Ukiitwa, tembea polepole, wapige makofi mpaka viganja viwawashe. Kapu watakaloliandaa kwa jina lako apewe mzee mwingine, na umpelekee wewe mwenyewe, maana mkulima naye hugawa. Na yeyote akikusogezea kiti, mrudishie. Miguu ikichoka, chuchumaa kama vijana wenzako.