Mpite Mpaka Akusalimie

Jumamosi jioni, mwezi wa saba. Nyeri.

Baridi ya leo haina adabu. Ukungu umeukalia mji tangu asubuhi, mlima hatujauona wiki nzima, na mimi nimejifunika blanketi nikiandika haya. Nimeshiba pilau. Hata hivyo nina huzuni, na nisipoisema leo itanikaa kifuani.

Kwa wasionijua: nafanya kazi katika wodi ya wagonjwa wa akili, upande wa wanawake. Si daktari, si nesi. Ni mhudumu. Naogesha, nasuka nywele, nahakikisha dawa imemezwa na haikufichwa shavuni, na mtu akianza kulia nakaa naye mpaka amalize. Kucha pia nakata mimi, kwa sababu wodini hakuna anayeachiwa wembe.

Kazi yenyewe naipenda. Shida ni nikitoka nje ya geti.

Kuna sheria niliyofundishwa na nesi mkuu nilipoanza: ukikutana na mgonjwa wetu huko nje, mpite. Usimwite, usimchekee, mpaka akusalimie yeye kwanza. Maana ukimchangamkia sokoni, aliye naye atauliza, "Huyo mlijuana wapi?" Na hapo umeshamwanika.

Ni sheria nzuri. Lakini mimi ni mtu wa Bungoma, jamani! Kwetu mtu akikupita njiani bila "mulembe" unaanza kujiuliza kama ni mchawi. Na huku Nyeri watu ninaowajua kabisa, ninaowajua mpaka makovu ya magoti, ni hao hao nisioruhusiwa kuwasalimia. Nawapita, nao wananipita. Wengine wakiniona wanavuka barabara.

Siwalaumu. Nani anataka kukumbushwa?

Basi juzi mwenye nyumba wangu, Mama Njoki, aligonga mlango akasema mtoto wa dada yake anapeleka ruracio, yaani mahari, na wamepungukiwa na wanawake wa kubeba vyondo, vile vikapu vya zawadi. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Mwaliko! Mimi! Nikalipiga pasi gauni langu la kanisani. Na leo tulienda wapi? Tuseme Kutus. Mji nimeubadilisha, msijisumbue kutafuta.

Mama Njoki ana moyo mzuri na mdomo usio na komeo. Tulipoingia tu kwa wenyeji akanishika bega na kutangaza, "Na huyu ni daktari yetu ya wazimu! Mtu akisumbua hapa, sindano iko!" Watu wakacheka. Nikacheka pia, ningefanya nini?

Ikafika zamu ya kumchagua bibi arusi. Wasichana wakaletwa mstari mmoja, wamefunikwa leso kutoka kichwani, miguu tu ndiyo inaonekana, na bwana arusi lazima amtambue wake. Akikosea kuna faini ya soda na kuchekwa mpaka jioni. Sisi wa upande wake tukainama kumsaidia kutazama miguu.

Nami nikaitambua.

Kidole kidogo kilichompanda mwenzake. Nimekishika kidole hicho mara nyingi sana. Ni yule aliyeletwa wodini akiwa hasemi neno, akakaa nasi kimya muda mrefu, na siku nilipokuwa nikimkata kucha akafungua kinywa kwa mara ya kwanza akasema, "Unanitekenya."

Mama Njoki akaninong'oneza, "Wewe macho yako bado ni mazuri. Ni nani?"

"Sijui," nikasema. "Wote naona wako sawa."

Kijana akachagua mwingine. Kumbe ni binamu! Kelele, vicheko, faini. Halafu wa kweli akafunuliwa, akicheka, amenenepa vizuri, shavu limejaa. Nilitaka kupiga kigelegele mpaka mlima usikie. Badala yake nikajifanya natafuta kitu ndani ya kiondo.

Baadaye, tukiwa tunakula, akapita kusalimia wageni mmoja mmoja. Nilijua tulipoingia alisikia kila kitu kutoka ndani, daktari wa wazimu na sindano zake. Aliponifikia, mkono wake ulikuwa na jasho.

"Karibu, mgeni," akasema, macho yakiwa kwenye kifungo cha gauni langu.

"Asante."

Akaenda kwa mwingine. Alifanya sawa kabisa, hata mimi ningefanya hivyo. Lakini mgeni! Neno hilo limenichoma, sitadanganya. Niliweka sahani chini nikashindwa kuendelea kula kwa muda, halafu nikala, kwa sababu mchele wa Mwea hautupwi.

Wakati wa kuondoka nilikuwa napakia vyondo kwenye gari, bwana arusi akanijia. Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa.

"Sista, samahani. Mchumba wangu alinieleza yote, na mimi niko sawa nayo. Anasema kuna mtu alikuwa anakaa na yeye huko, wakati watu wote walikuwa wanamwogopa. Jina hajui, anamwitanga tu Sista. Leo tangu akuone anataka kulia. Ni wewe?"

Kwa jinsi alivyonong'ona nilijua jamaa zake hawana habari. Na Mama Njoki alikuwa amesimama nyuma yangu, kiondo mgongoni, masikio wazi. Kinachoingia masikio yale Jumamosi hutoka Jumapili mbele ya kanisa zima.

Nilitamani kusema ndiyo. Mungu anajua nilivyotamani.

"Umenifananisha," nikamwambia.

Akanywea. "Pole, Sista," akasema, akarudi kwa wenzake.

"Ati anasema nini?" Mama Njoki akauliza.

"Anauliza kama nimeshiba."

"Na umeshiba?"

"Nimeshiba, Mama."

Njia nzima aliimba nyimbo za kanisa. Mimi nilitazama dirishani, mashamba ya mpunga yakaisha, kahawa ikaanza, na chozi nikalifuta kama mtu mwenye mafua. Kwa baridi hii nani angeuliza?

Sasa nipo chumbani na jambo moja linanila. Kijana yule atarudi kwa mchumba wake amwambie nimekataa, kwamba si mimi. Naye anajua ni mimi, amenishika mkono. Atadhani nimemwonea aibu. Baada ya dunia yote kumwonea aibu, atadhani na mimi pia.

Namba yake sina. Na hata ningekuwa nayo, si yangu kupiga.

Kwa hiyo naandika hapa, penye wasomaji wachache na wengi wao ni dada zangu. Nawe bibi arusi, kama siku moja utapita ukasoma: sikukukana. Mama Njoki alikuwa nyuma yangu.

Na jina langu ni Nekesa.