Hodi ya Tatu

Tarehe 4 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, magoti yametulia na yale masikio hayakusumbui sana. Mimi sijambo, ila mkono wa kulia umeungua kidogo na pasi. Kazi ya udobi haimwachi mtu bila alama.

Nina habari, na usinicheke. Nimeanza chuo. Sijawahi kuliona jengo lake, maana chuo chenyewe kiko ndani ya kompyuta. Zamu yangu ikiisha saa nane mchana najifungia chumba cha kukunjia mashuka, naiweka kompyuta juu ya meza ya pasi, mwalimu anatokea na tunaanza. Somo ni sosholojia, na muhula huu tunasoma matatizo ya jamii. Msimamizi wetu wa dobi aliposikia akasema yeye matatizo anayo tele, hana haja ya kwenda kuyasomea.

Hatutumii majina, kila mtu ana namba. Mimi ni Mwanafunzi wa 17. Mwalimu ametufundisha kwamba mtu mmoja akikosa pa kulala, hiyo ni shida yake. Wakikosa mia, hilo ni tatizo la jamii, na hapo usimlaumu mtu, tazama mtaa. Kila mmoja wetu achague tatizo moja aandike juu yake hadi mwisho wa muhula. Mimi nimechagua watu wanaolala nje na huku wana kwao.

Unajua kwa nini. Nimeandika kuhusu kaka Kifungo. Nimesema kaka yangu alifukuzwa nyumbani kwa ajili ya pombe, akaona haya kurudi, akafa kwa homa kwenye jengo ambalo halijaisha, mtaa wa pili tu kutoka kwao. Miaka saba imepita na bado namkasirikia kwa kile kiburi chake. Angekuja akapiga hodi tu, Mama. Ungemfungulia.

Halafu, mbona siku hizi unaandika "mimi huku ni mzima"? Zamani ulikuwa unaandika "sisi". Mbona unajipunguza?

Ni mimi Kitindamimba wako.


Tarehe 15 Februari

Kwako Kitindamimba,

Marahaba mwanangu. Mimi huku ni mzima. Barua yako nimeipata kwa mkono wa dereva wa lori la magodoro, ambaye aliniita mpaka koo likamkauka kabla sijageuka. Ndiyo hivyo, cherehani iliniua masikio, na simu nisiitaje. Andika.

Chuo ni kizuri. Soma. Lakini usiunguze mikono ukifikiria vitabu, pasi haina huruma na wasomi.

Unauliza "sisi" imekwenda wapi. Nikisema sisi, nitakuwa namsalimia nani? Wewe uko huko, baba yenu aliondoka zamani, na mwingine unajua alipo. Nyumba ina mtu mmoja, naandika mmoja. Siku nitakayokuwa na mtu wa kuhesabu nitamhesabu.

Cherehani bado nimeifunika shuka kule chumba cha uani. Nashona kwa mkono tu, vifungo na pindo, kazi za kupoteza siku.

Huyo uliyeandika habari zake kwa mwalimu, mwache apumzike. Wapo wengi wanaolala nje, chagua wa watu.

Mama yako.


Tarehe 2 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Hali yako? Mimi sijambo, mkono umepona.

Usikasirike, lakini yamezuka mambo darasani. Tuna ukumbi wa majadiliano, mtu anaandika kisa, wenzake wanakichambua. Wiki iliyopita akatokea mmoja ambaye hatujawahi kumsoma, Mwanafunzi wa 41. Nakunakilia alivyoandika, neno kwa neno:

"Mtu alirudi kwao siku ya mvua, alasiri. Akapiga hodi mara tatu kama ada. Ndani kulikuwa na chechehani inashona. Hakuitikiwa, akaondoka. Hiyo ni shida ya mtu au ni tatizo la jamii?"

Basi wasomi wakalivamia swali. Wa 8 akasema kiini ni ulevi. Wa 23 akasema ni nyumba kuwa chache. Wa 30 akaandika kurasa mbili kuhusu familia za siku hizi, na mwingine akamsahihisha mwenzetu kwamba neno ni cherehani. Wa 41 hakujibizana na yeyote. Baada ya siku mbili aliandika maneno mawili tu: "Je, alisikika?"

Mama, mimi nimekwama kwenye "chechehani". Hilo ni neno la Kifungo. Alilikosea akiwa na miaka mitatu, na sisi wote tukalishika kwa kumtania, mpaka wewe mwenyewe ukawa unasema "niacheni na chechehani yangu". Sijawahi kulisikia nje ya nyumba yetu. Wewe umewahi?

Kitindamimba.


Tarehe 9 Machi

Kitindamimba,

Marahaba. Mimi mzima.

Watoto wote wana ndimi nzito. Nchi nzima imejaa watu waliosema chechehani na mengine. Usimtafute mtu kwenye neno.

Huyo wa 41 usimjibu. Badilisha tatizo. Andika kuhusu takataka.

Mama yako.


Tarehe 23 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi mwili mzima, roho ndiyo haijatulia.

Juzi ilikuwa zamu ya kueleza visa vyetu kwa sauti. Mwalimu akatuita kwa namba, na alipomfikia wa 41 akamwomba afungue maiki. Ikafunguka. Tukasikia mvua ikipiga bati, na nyuma ya mvua, cherehani. Wenzangu wakaanza kucheka, wa 8 akasema fundi mwambie mkeo apumzike. Mwalimu naye akatabasamu akasubiri.

Mimi sikucheka. Ile ni yetu. Unakumbuka gurudumu lake linavyokwama, mizunguko minne kisha inalia kwii kama panya aliyebanwa? Nililala kwa ule mlio miaka kumi na minane. Nikahesabu: nne, kwii. Nne, kwii. Halafu ikaanza kwenda mbio, mbio sana, kama fundi anakimbizwa, na ikaendelea hivyo mpaka maiki ikajifunga yenyewe.

Nilimpigia karani wa usajili. Ni mama mmoja mpole, akatafuta, akatafuta tena, akaniambia darasa letu lina wanafunzi arobaini. Nikamwambia mbona wa 41 tumemsikia wote. Akaniuliza kama nimekula.

Mama, niambie kitu kimoja tu na sitauliza tena. Ile cherehani ni kweli imefunikwa? Hakuna mtu anayeingia kule uani?

Na lile swali lake bado liko pale ukumbini. Kila nikifungua kompyuta liko juu kabisa, hata wengine wakiandika mapya: Je, alisikika?

Kitindamimba.


Tarehe 20 Aprili

Mama,

Shikamoo. Ni wiki nne sijapata jibu. Dereva wa magodoro anasema alikupa barua mkononi, ukaisoma umesimama, ukaingia ndani bila kumuaga. Kama unaumwa sema nije. Kama nimekuudhi, nisamehe, mimi ni mwanao, sina mahali pengine pa kupeleka ujinga wangu.

Kitindamimba.


Tarehe 11 Mei

Mwanangu,

Mimi mzima. Hiyo shikamoo yako sitaiitikia leo, mpaka umalize kusoma, kisha uamue mwenyewe kama bado unanipa.

Masikio yangu hayana ubovu wowote. Hayajawahi kuwa nao. Nasikia jirani muuza mkaa akihesabu magunia yake ng'ambo ya ukuta. Nasikia sisimizi, karibu niseme.

Siku ile ilikuwa Jumapili, mvua inanyesha. Nilikuwa nashona sare za shule. Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu nimfukuze. Nilimwambia mbele ya watu kwamba akivuka kizingiti asirudi, na mimi unanijua, neno langu lilikuwa kubwa kuliko mimi. Nikasikia hodi. Sauti yake, imekwaruza, lakini yake. Nikasema moyoni, apige tena, ajue adabu. Akapiga ya pili. Nikasema, ya tatu nitafungua. Wallahi nilisema hivyo. Akapiga ya tatu, na mguu wangu badala ya kuacha kanyagio ukalikanyaga. Nikashona mbio, mbio, kitambaa kimeshaisha na mimi nashona hewa, ili nisisikie hatua zake zikiondoka. Nilizisikia.

Siku ya tatu wakaja kuniita. Matangani watu wakauliza, je, hakurudi? Kabla sijafungua mdomo jirani akanijibia: hata kama alirudi, huyu mama na mlio wa ile mashine angesikia wapi. Nikaikamata hiyo. Nikawa kiziwi siku hiyohiyo. Miaka saba watu wananipigia kelele usoni kwa huruma, na mimi naitikia "ee? unasemaje?" Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, nami sikuomba pole. Lakini wewe nilikuacha umkasirikie marehemu kwa kiburi ambacho kilikuwa changu. Hilo ndilo linaloniua.

Cherehani imefunikwa. Tangu siku ile sijaigusa, na hakuna anayeingia uani. Lakini nisikufiche tena: Jumapili ya mvua huwa naisikia.

Mjibu huyo mwanafunzi. Mwambie alisikika. Mara zote tatu.

Mama yako.


Tarehe 19 Mei

Mama,

Nimeisoma barua yako chumba cha mashuka, na nililia mpaka msimamizi akaja kugonga. Nimekukasirikia. Naliandika hili wazi kwa sababu nawe umeandika wazi. Nimekaa siku nne nikijaribu kukuchukia na nimeshindwa, kila nikianza nauona mguu wako kwenye kanyagio. Shikamoo, Mama. Nimeamua.

Nimemjibu. Niliandika mbele ya darasa zima: "Alisikika. Mara zote tatu. Aliyekuwa ndani ni mama yake, na aliogopa neno lake mwenyewe." Mwalimu akaandika chini yake kwamba hiyo ni hatua nzuri ya uchambuzi.

Wa 41 alijibu kesho yake, mchana, saa ileile unayomaliza kula huko. Nilikuwa nimeikodolea macho kompyuta, nikayaona maneno yakitokea herufi moja moja, polepole, kama anavyoandika mtu aliyeacha shule darasa la tano, kama Kifungo:

"Basi nipige tena."

Kisha namba yake ikatoka kwenye orodha, na kile kisa na swali vikafutika. Nimewauliza wenzangu. Wa 8 anakumbuka mlio wa cherehani, lakini anasema ulitokea kwangu.

Mama, naogopa. Sijui nikuambie ufunge mlango au uufungue. Nitaomba ruhusa nije, lakini dobi ina mashuka ya hospitali mpaka mwisho wa mwezi. Jumapili usikae peke yako. Nenda kwa muuza mkaa. Nakusihi.

Kitindamimba wako.


Tarehe 2 Juni

Kwako Kitindamimba wetu,

Marahaba, mwanangu, na ahsante kwa kunipa. Sisi huku ni wazima.

Kwa muuza mkaa sikwenda. Jumapili asubuhi niliitoa shuka cherehani, nikaifuta, nikaitia mafuta. Gurudumu bado linakwama palepale. Baada ya chakula mvua ikaanza, nami nikaketi nikashona pindo la pazia, taratibu, mguu wangu nikiuangalia wakati wote.

Niliposikia hodi ya kwanza niliacha kukanyaga. Sikungoja ya pili. Niliinuka na magoti yangu haya, nikafungua, nikasema karibu.

Jirani ananiuliza imekuwaje nasikia siku hizi. Nimemwambia nimepona, na kwamba asihesabu magunia kwa sauti, anajiibia mwenyewe. Anachungulia sana uani kwetu, lakini tumemzoea.

Maliza masomo yako vizuri, usituwazie. Ukija, usipige hodi, mlango hatuufungi. Na utuletee vifungo vyeupe vinne, saizi ya shati la mwanamume. Nilivyo navyo havilingani, na kaka yako unamjua, havai shati la vifungo vya mchanganyiko.

Mama yenu.