Bosi Hali Peke Yake

Mama,

Asubuhi nilikuwa natafuna karoti mezani huku navaa viatu, mara Bosi akatoka tunduni akaninyang'anya! Karoti hiyo hiyo akiwekewa kwenye bakuli lake anaitupa. Nilipoinuka tu, akaiacha. Kwa nini?

Nadhani kasuku wetu hapendi kula peke yake. Si Baba alikuwa anakula naye hapa kabla hajahamishiwa kazi mbali?

Kesho natoka mapema. Kaa naye wewe, mle karoti pamoja. ~~Akikataa mpe alizeti kidogo.~~ Hapana, usimpe! Daktari alisema mafuta yake yanamharibia ini. Na kaka asimpenyezee, namjua huyo.

Nimemwandikia Baba: "Bosi anakula tukila naye. Unakuja lini?"

Hajajibu. Simu naiacha hapa mezani, ikilia niamshe.

Kitindamimba wako