Meya Amebeba Maneno Niliyoyaongeza Mimi

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na naomba upesi, maana kikao cha madiwani ni Ijumaa. Mimi ni yule mtu wa gari la matangazo la halmashauri, lile lenye spika mbili juu ya paa, nadhani unanifahamu kwa sauti hata kama sura yangu hujawahi kuiona, watu wananiita Honi, na kazi hii nimeifanya miaka kumi na minane, maji yakikatika ni mimi, mtoto akipotea ni mimi, na ugonjwa huu ulipoingia mara ya kwanza ni mimi niliyepita kila mtaa kuwaambia watu wakae ndani, nikatukanwa, nikamwagiwa maji ya vyombo kutoka ghorofani, lakini nilipita.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, na tafadhali usinicheke. Ofisini huwa napewa karatasi, meya wetu huiandika mwenyewe kwa mkono, herufi kubwa kubwa ili nisihangaike, lakini mimi karatasi sijawahi kuisoma kavu kavu tangu nianze kazi, nachukua maneno yao natia na yangu, natia utani, natia kibwagizo, na watu wananipendea hivyo hivyo. Siku ile ugonjwa ulipotulia, karatasi ilisema wagonjwa wamepungua sana, soko litafunguliwa nusu siku, barakoa ziendelee, mikusanyiko bado. Nikaanza vizuri tu. Nilipofika mtaa wa mafundi cherehani nikaona madirisha yanafunguka, mzee mmoja ambaye sikumwona miezi minne yuko barazani ananipungia kofia, mama mmoja analia huku anacheka, basi nikapandwa na furaha, mdomo ukanitangulia, nikasema, "Umekwisha jamani! Ugonjwa umekwisha! Tokeni mkumbatiane!" na walivyoshangilia nikarudia mtaa wa pili, na wa tatu, mpaka sauti ikanikauka.

Mama mkwe wangu anakaa mtaa huo wa tatu. Jumatatu yake akarudi kwenye kikundi chao cha kushona mashuka ya hospitali, kinamama kumi na wawili meza moja, na wimbi hili la pili lilipokuja saba kati yao wamelazwa, yeye mmojawapo, yuko kwenye oksijeni wiki ya pili sasa. Hospitali iko kwenye njia yangu ya kila siku. Mke wangu akimpigia simu, mama anasema kwa kukatakata, "Mwambie mkwe wangu namsikia akipita, asichoke," na mke wangu anafurahi, na mimi natoka nje kujifanya naangalia tairi.

Watu walianza kuuliza nani aliyeniagiza nitangaze kwamba ugonjwa umekwisha. Meya akaenda redioni, na hakuzungukazunguka, akasema, "Tangazo lile lilitoka kwenye gari la ofisi yangu. Tumewaambia jambo ambalo halikuwa kweli, watu wameumia, anayewajibika ni mimi, na naomba radhi." Kisha hapo hapo akaendelea kusoma idadi ya wagonjwa na vitanda vilivyobaki, bila kupamba wala kuficha, kama anavyofanya kila siku saa saba mchana. Nililisimamisha gari pembeni ya barabara nikalia, mtu mzima na ndevu zangu.

Sasa diwani mmoja, yule mwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, anayesema hili wimbi la pili ni vitisho vya watu wa hospitali, ameleta hoja ya kumng'oa meya Ijumaa hii, na sababu yake ni tangazo lile lile. Karani ameniambia kwamba alimshauri meya, "Mama, karatasi uliyoiandika ipo kwenye faili, itoe waione." Meya akamjibu, "Nikiitoa watamrukia aliyeisoma. Wacha." Kwa hiyo anajua! Anajua siku zote! Na asubuhi nilipokwenda kuchukua tangazo la siku hiyo alinipa kwa mikono miwili, akaniuliza hali ya mama mkwe, halafu akasema tu, "Leo soma kama ilivyoandikwa, baba."

Mshauri, nikisema ukweli, mke wangu atajua kwamba mama yake yuko kitandani pale kwa ajili ya mdomo wangu, na gari langu nani tena atalisikiliza, wakati ndiyo kwanza watu wanatakiwa wasikilize? Nikinyamaza, mwanamke yule anaondoka kwa kosa ambalo hakulifanya. Nifanyeje?

Ni mimi, Honi.

*

Honi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilitaka kukuchapa, mara ya pili nikakuonea huruma, kwa hiyo pokea vyote.

Tuanze na bakora. Maji yakirudi saa kumi wewe ukasema saa tisa, tutakusonya, yataisha. Ugonjwa si bomba la maji. Uliambiwa wamepungua, na ungesema wamepungua watu wangefurahi na kubaki na barakoa zao. Lakini ulitaka washangilie, wakashangilia, ukanogewa, ukaenda kurudia mtaa wa pili na wa tatu. Usiniambie mdomo ulikutangulia. Mara ya kwanza sawa, nakubali. Mara ya tatu ulikuwa umeshaufikia mdomo wako na mnaongozana. Na sisi nasi tuna letu, maana miaka yote hiyo tulikuwa tunacheka na kukuomba uongeze.

Haya, huruma. Ugonjwa hukuuleta wewe. Umerudi hata kwenye miji ambayo haina gari lenye spika, na hakuna daktari atakayeweza kukuambia nani aliupata kwa ajili ya maneno yako na nani angeupata tu. Lako ni tangazo, libebe hilo, usijitwishe na lisilokuwa lako ili upate kisingizio cha kulemewa na kukaa kimya.

Sasa huyo mama meya. Wasomaji wangu wananijua, mimi si mtu wa kusifu viongozi, wengi nimewafokea humu humu na wengine walinipigia simu kulalamika. Lakini siku ile aliposema redioni "anayewajibika ni mimi" nilikuwa napiga pasi, nikaizima, nikakaa. Wangapi wakifanya kosa lao wenyewe hutafuta dereva wa kumtupia? Kwa huyu mama, dereva alikuwepo, kosa ni la dereva, ushahidi uko kwenye faili kwa mwandiko wake mwenyewe, na bado akalifunga faili. Wimbi la kwanza alifunga soko wakati mwaka wa uchaguzi unakaribia. La pili anatusomea vitanda vilivyobaki hata siku vilipobaki vinne. Nakiri, nampenda mwanamke yule, na sikutegemea kuandika hivi juu ya meya yeyote kabla sijafa.

Hata hivyo nina ugomvi naye kidogo. Kukukinga wewe ni wema, lakini kiti kile cha umeya si mali yake hata akitoe zawadi. Akiondoka Ijumaa anaingia mtu anayesema haya ni vitisho. Soko litafunguliwa, idadi ya saa saba itakoma kusomwa, na mgonjwa atakayefika akakuta hakuna kitanda hatapona kwa sababu meya wetu alikuwa mpole. Kwa hiyo, Honi, usimwachie aendelee na upole wake. Mzuie.

Fanya hivi. Gazeti hili linatoka Alhamisi asubuhi. Ukishalisoma, kabla hata ya kunywa chai na kabla yeye hajaliona, mwambie mkeo. Si kwa simu, si mbele ya watoto. Mketishe, mwambie karatasi ilisema nini na wewe ulisema nini, basi, usijitetee. Atalia. Atakuambia maneno. Huenda akabeba mkoba akaenda kwa dada yake. Mwache aende, na usimkimbilie barabarani na maelezo. Mama mkwe usimwambie kitu sasa, pumzi aliyonayo ni ya kupumulia. Akitoka, utapiga magoti. Asipotoka, na Mungu apishe mbali, mkeo awe ameusikia ukweli kutoka kwako mama yake akiwa hai. Akija kuusikia makaburini kutoka kwa karani, ndoa hiyo imekwisha.

Kisha nenda kwa meya. Huendi kumwomba ruhusa, unakwenda kumwarifu. Atakukataza. Mwambie, "Samahani mama, kwa hili sitakutii," na utoke.

Mchana wake pita mitaa ile mitatu. Gari liache ofisini, wasije wakasema meya amekutuma. Nenda kwa miguu, barakoa usoni, bisha hodi mlango mmoja mmoja, rudi nyuma hatua tatu, useme kwa sauti yako ya kawaida kwamba meya aliandika wamepungua na wewe ndiye uliyesema umekwisha. Wako watakaokufungia mlango. Unaogopa hawatakusikiliza tena? Mimi nitakusikiliza. Mtu aliyenijia mlangoni kukiri, kesho akipita akaniambia nibaki ndani, nitabaki. Jioni andika maelezo hayo hayo, tia sahihi, umpe karani ayasome kikaoni pamoja na ile karatasi ya kwenye faili.

Kazi wanaweza kukunyang'anya, sikudanganyi. Utatafuta nyingine.

Kikao ni saa nne. Saa tatu na nusu uwe umeshasimama pale mlango wa halmashauri, mahali ambapo atakuona akishuka. Wiki zote hizi amesimama peke yake kwa ajili yako. Ijumaa asiingie peke yake.