Baiskeli ya Kaka Deogratias

Hamugembe, Bukoba
Jumatatu baada ya Pasaka

Mae, mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote. Goti linaendeleaje? Shamba la ujamaa hapo Kishanda mmeshalipalilia? Mimi mwili ni mzima, ila usingizi umenipotea. Mwambie dada akusomee barua hii ukiwa umekaa.

Juma lililopita mzee mmoja wa upande wa Maruku alileta baiskeli hapa kwenye karakana ya ushirika. Pedeli zilikuwa zinasaga kama mtu anayetafuna mchanga. Gololi zimelika, na vikombe vinavyozishika vimeganda kwa kutu ndani ya fremu. Nikaipindua, nikakwangua matope. Pale chini nikaona msalaba mdogo uliogongwa kwa patasi. Mae, ni ule alioupiga Tata, baba yetu. Ni baiskeli aliyoondoka nayo Kaka Deo mwaka wa Uhuru kuja kutafuta kazi mjini, tusimwone tena.

Hasira ikanipanda, nikanyanyua nyundo nivitoe vikombe kwa nguvu. Fundi mkuu akanidaka mkono.

"Utapasua fremu! Na ikipasuka hapo, ndiyo basi. Kikombe cha upande wa kulia kinafunguliwa kwa kuzungushwa kinyume. Kitie oili, ukiache kilainike."

Nikatii. Kutwa nzima nilihisi Kaka amesimama nyuma yangu, anahema vile alivyokuwa akihema akimaliza kupanda mlima wetu. Nageuka, hakuna mtu. Kesho yake nikabana spana, nikasukuma polepole. Kikombe kikalia, kikaachia. Fremu haikupata hata mkwaruzo.

Mzee aliporudi kuichukua, nikamwuliza, spana ingali mkononi, "Waitu, mzee wangu, hii uliipata wapi?"

Akanitazama sana usoni. "Alikuwa ndugu yako?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Alianguka mlangoni kwangu, ana homa kali. Jina hakuwahi kulitaja. Aliita tu, 'Mae, Mae,' mpaka roho ikamtoka. Tulitangaza kanisani, hakuja mtu. Tukamzika katika migomba yetu."

Jana alinipeleka. Kaburi limepaliliwa, limezungushiwa mawe. Mkewe akaniambia kwamba humwombea kila Jumapili kwa jina la Mgeni. Nikamwambia anaitwa Deogratias. Akapiga magoti, akawa analirudia taratibu, apate kulizoea.

Baiskeli wanataka kuturudishia. Nimesema uamuzi ni wako. Ile pumzi bado naisikia nikiwa kazini, Mae, na sijui kama itaniacha. Njoo. Nitakungoja kwenye basi, twende kaburini kwake pamoja.

Nisalimie baba mdogo, na shangazi wa kule bondeni. Dada naye ajikaze amalize kusoma. Mfikishie na katekista habari hizi. Miaka yote tumekuwa tukimwombea Kaka pamoja na wasafiri. Mwambie Jumapili hii amtaje pamoja na marehemu.

Mwanao akupendaye,
Projestus