Mpenina wa Langoni

Jumatatu, 7 Julai 2025
Baridi! Ukungu hadi saa nne. Kichaka cha langoni kimepukutisha majani yote, yamebaki matunda tu — mekundu, yanawaka. Mgeni mmoja, mama mwenye kofia pana, akaniuliza kinaitwaje. Hapa loji mgeni haambiwi "sijui." Raphaeli, mtunza bustani aliyenitangulia, aliondolewa kwa neno hilo. Nikatoa la kwanza lililonijia: Mpenina. Nimelitoa kwenye jina la marehemu bibi yangu wa kijijini Daa! Akauliza kina kazi gani. Nikasema bibi zetu walichemsha matunda yake kama chai. Mdomo uliponza kichwa.

Jumatano, 9 Julai
Jina lake hasa hakuna anayelijua. Kililetwa kutoka Ulaya na mwenye loji wa kwanza. Askari anakiita mti wa Krismasi, Yasini wa jikoni anakiita shanga. Ninachojua mimi: ndege hawagusi yale matunda. Hata mbuzi aliyetoboa uzio mwezi jana alinusa tu, akapita zake.

Ijumaa, 11 Julai
Yule mama mgeni kamsimulia meneja, na kibao kimechongwa! MPENINA — CHAI YA MABIBI WA KARATU. Meneja Modest kanishika mkono mbele ya wenzangu, eti Selina ni hazina. Nilicheka. Kisha nikaenda nyuma ya tangi la maji nikalia.

Jumanne, 15 Julai
Yasini kauliza yanachemshwa muda gani. Ya nini? Kumbe Jumamosi kuna wageni kumi na wawili wanaotoka kutazama wanyama kreta, watapewa "chai ya asili." Nikamwambia kaka, msimu umepita, yameshakuwa machungu. Sukari ipo, dada, akasema.
Nikisema ukweli, Modest atanifukuza siku hiyohiyo, na binti yangu Germana yuko kidato cha nne. Nisiposema, mtu anaweza kufa. Naogopa hata kuliandika.

Ijumaa, 18 Julai
Alfajiri nimechuma yote, nikayafukia kwenye mbolea. Nikajiona mjanja! Kumbe Yasini alijaza ndoo tangu jana.

Jumamosi, 19 Julai, saa kumi
Wageni wako barazani. Harufu ya tangawizi hadi huku. Nilimfuata Modest, nikasema bosi, tusiwape. Akacheka. Eti acha woga, tunafuata mila: mwenye kinywaji huonja wa kwanza, wageni waone hakina sumu. Na mwenyewe ni wewe.
Niliomba nikavae kanga. Nimejifungia stoo ya majembe. Naandika kwa haraka, mwandiko huu sijui nitausoma.
Yasini anagonga. Dada Selina, wanakungoja! Anagonga tena. Anasema kikombe chako ninacho hapa, kinapoa.
Sasa anasema kwa upole, maana ana roho nzuri huyu: dada, kama unaona haya mbele ya wageni, basi nitaonja mimi kwa niaba yako.
Namsikia anakoroga sukari —